Kiti cha Nyuma cha Ndege ya Msengi

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, zamani hii hii ya juzi mama zenu walipokuwa wanavaa magauni ya mabega mapana, kulikuwa na mtu anaitwa Msengi, kule Singida, kwenye mbuga nyeupe kando ya ziwa la chumvi. Sogeeni basi! Mbona mmekaa kama mmekuja msibani? Hahaaa!

Huyo Msengi alikuwa na mashine ya kukamua alizeti. Mikono iko kwenye alizeti, macho yako mawinguni. Debe moja linaingia kwenye mashine, debe moja linamwagika chini, kuku wa jirani wamenenepa mpaka hawawezi kukimbia. Miaka minne akawa anaunda ndege uani kwake. Ndege, jamani! Mbao, kitambaa, magurudumu ya mkokoteni, na injini ya pikipiki, ile ile iliyokuwa inazungusha mashine ya alizeti. Viti viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma.

Mie shule sikukaa sana, lakini ndege nitawaeleza mpaka muione. Mbele ya dereva kuna kijiti. Kijiti kina waya. Waya unapita kwenye matundu ya mbao, unakwenda mpaka mkiani, kwenye kibao kinachopanda na kushuka kwa bawaba kama mlango. Kijiti mbele, pua inainama. Kijiti nyuma, pua inainuka. Ukikipeleka kulia au kushoto, mabawa yanajibu, ndege inalala ubavu, inakata kona. Basi. Mengine yote ni kelele.

Ndege ikaisha. Lakini viungo vyake, weee! Msengi akigusa kijiti, kwiii! Mabawa, kwiii! Mkia, kwiii! Mbwa wanakimbia.

Msengi akawaita watu wake wa nyumbani akasema, "Kitu kinacholia hivi chini, juu kitanizika. Nisaidieni viungo vilainike. Nitaruka mara moja peke yangu. Nikirudi mzima, nitaruka mara ya pili na yule aliyenirudisha. Kisha injini inarudi kwenye alizeti, magunia ya watu yamejaa mlangoni, na mbao hizi mchwa hawatazisubiri mwaka mwingine. Kiti ni kimoja, safari ni moja."

Akaja Sikudhani, dada yake, fundi cherehani. Mkononi kichupa cha mafuta ya cherehani, cha mwisho kilichobaki, na mnada wa kununulia kingine uko mbali. Akachovya unyoya wa kuku, akadondosha kwenye bawaba za mabawa. Tone hapa, tone pale, anafuta vumbi, anadondosha tena. Kichupa kikaisha. Kwiii ya mabawa ikanyamaza. Cherehani yake ikabaki kavu kama kisigino changu, tena wiki ya kushona sare za shule! Ikakwama tii. Akashona sare ishirini na mbili kwa mkono.

Akaja Kinota, mume wa Sikudhani, mfuga nyuki. Mtu mpole huyo, akiongea unadhani anawaombea nyuki ruhusa. Akaona waya wa mkia unavyosagika kwenye tundu la mbao, nyuzi mbili zimeshaanza kukatika. Akaweka waya mpya, akaupaka nta, akasugua kwa kiganja mpaka ukang'aa. Ukiuvuta, unateleza kama samaki.

Akaja Bi Mwajabu, mama yao Msengi na Sikudhani. Sasa sikieni. Nyumbani kwa Bi Mwajabu, kitu kipya hakiondoki mlangoni bila kupakwa mafuta ya kwanza ya msimu, yale aliyoyatwanga mwenyewe kwenye kinu. Mtoto akizaliwa, anapakwa kwenye viwiko na magoti. Kitanda kipya, kinapakwa kwenye maungio. Basi akaizunguka ndege, akalitafuta goti lake, akaona ni pale mkiani. Akazimiminia zile bawaba mafuta ya alizeti, akazipapasa, "Nenda mwanangu, pinda, nyooka, urudi kwangu."

Wanawake wenzangu, mnayajua mafuta ya alizeti yakikaa juani? Kingo za kikaango usichokisugua zinakuwaje? Gundi! Na vumbi la mbuga lile!

Kinota alimwona. Alijua kabisa. Lakini amwambie nini mama mkwe? Kule mkwe hamkosoi mama mkwe, hata macho hamtazami, anapita upande wa pili wa nyumba. Akarudi kwenye ule waya, akaupaka nta mara ya pili. Akaupaka mara ya tatu.

Wiki ikapita juani. Siku ya siku, asubuhi, Msengi akakimbiza ndege mbugani, du-du-du-du, na sisi nyuma tunakimbia na vitenge vinatuanguka, halafu tukaona magurudumu hayagusi tena kitu chochote. Nikanyamaza! Mie!

Alituhadithia mwenyewe baadaye. Anasema kule juu kelele ya injini ilienda ikawa kama nyuki wa mbali. Nyumba zikawa punje. Ziwa la chumvi likalala chini yake kama shuka iliyoanikwa, na heroe wakaruka kutoka majini, maelfu, wa rangi ya waridi, wakapita chini ya miguu yake taratibu, kama mtu anakunjua kanga moja isiyo na mwisho. Anasema alimwona baba yake marehemu anatembea juu ya maji, kabeba jembe, wala hakushangaa. Alisahau yuko wapi. Alisahau kama ana mikono. Akakiachia kijiti.

Kijiti kikiachiwa, kibao cha mkia kinalegea, pua inainama, umekwisha. Lakini pua haikuinama. Gundi ya Bi Mwajabu, iliyokazwa na baridi ya huko juu, ilikuwa imeukamata mkia, imeunyoosha sawasawa, na ndege ikaelea yenyewe, na Msengi ndani yake anaota macho wazi. Muda gani? Hajui hata leo.

Akazinduka. Mbele yake, majabali! Akapeleka kijiti kushoto, na mabawa yakaitika bila kusita, laini, ndege ikalala ubavu, jabali likapita pembeni, anasema angeweza kuchuma nyasi zake.

Sasa ashuke. Akapunguza moto, ndege ikaanza kuteremka. Lakini karibu na ardhi lazima uvute kijiti pua iinuke, la sivyo unajichomeka kama jembe. Akavuta. Hakiji. Akavuta. Hakiji! Gundi ile ile! Ardhi inakuja, sisi huku chini tunaita majina ya Mungu yote tunayoyajua. Msengi akakanyaga ubao kwa miguu yote miwili, akavuta kwa mgongo, kwa meno, kwa roho. Waya mkavu ungekatika pale pale tunduni. Ule wa nta ukateleza, ukakaza, haukukatika. Mkiani, paa! Gundi ikaachia. Pua ikainuka. Magurudumu yakagusa mbuga, ndege ikarukaruka kama mbuzi, ikasimama.

Tulilia, tukacheka, mie nikamkumbatia mtu nisiyemjua mpaka leo!

Halafu macho yote yakageuka. Kiti cha nyuma.

Sikudhani akaja mbele, vidole vimejaa matobo ya sindano. "Kaka, jabali lile ulilikwepa kwa kitu gani? Kwa mafuta yangu. Tulipokuwa wadogo tukilala chali kwenye uwanja wa kupuria, uliniambia tutakwenda wote. Mimi sikusahau."

Bi Mwajabu akapiga kofi. "Na ulipolala usingizi huko juu kama mtoto mgongoni, nani alikushika? Mkono wangu ulikuwa mkiani! Macho yangu haya yanafunga ukungu, Msengi. Mwakani sitaijua hata sura yako. Niacheni nione mara moja nilikozaa."

"Mama," Sikudhani akasema, "mkono wako huo huo karibu umzike!"

"Na wewe mafuta yako yalimwamsha? Mbona aliendelea kukoroma?"

Watu wakacheka, lakini kidogo.

Kinota akaongea akiwa ametazama ziwani, si kwa mama mkwe. "Mimi waya wangu ndio uliobeba roho yake. Kiangazi nyuki wangu wanahama, wanapita juu ya majabali, na sijui wanakokwenda. Miaka kumi na tisa nawauliza. Kutoka juu ningeona."

Sikudhani akamgeukia mumewe. "Baba nanihii, ulijua habari ya gundi?"

Kinota akainama, akaugusa ule waya.

"Ulijua?"

"Nilijua. Ningemwambiaje mama?"

Bi Mwajabu akavuta kanga akajifunika mdomo. Hakuwa ameambiwa, masikini. Akasema taratibu, "Ungeniambia tu, baba. Ningefuta."

Msengi hakugeuka. Injini ilikuwa bado inanguruma, petroli ya safari moja inaungua pale pale chini. Amekaa mbele, macho yako juu kule kule, akanyoosha mkono mmoja nyuma, kiganja wazi, kumvuta atakayepanda.

Haya, msinitazame mie. Yule wa mabawa, yule wa waya, yule wa mkia: ungekuwa wewe uko kwenye kiti cha mbele, ungeushika mkono wa nani?