Ufa Kwenye Bunduki ya Naufali

Wanasimulia waliotutangulia katika elimu kwamba, zama zile za magobori, katika mji mmoja wa milimani huko Yemen, palikuwa na fundi wa bunduki aitwaye Sarhani bin Maadi, Allah amrehemu. Alikuwa mtu wa ibada, hakosi safu ya mbele, na kwa kazi ya chuma hakuwa na mpinzani. Ila moyoni alikuwa na donda, na donda hilo jina lake Naufali.

Naufali alisoma naye chuo kimoja tangu utotoni. Sarhani ndiye aliyehifadhi upesi. Mwenzake alikuwa akisinzia. Walipokuwa watu wazima, Mola akamkunjulia Naufali ngamia, mashamba na wana wanne, na Sarhani akabaki na mkate mkavu na tende. Kila alipomwona akiingia msikitini amechelewa, ananukia udi, roho ilimuuma.

Siku moja Naufali akaja kuagiza bunduki ya kuwindia mbuzi wa milimani, iliyopimwa kwa mwili wake mwenyewe. Akatajiwa riyali mia tatu za fedha, akalipa nusu papo hapo. Sarhani, badala ya kumshukuru Mola kwa riziki, akabaki kujiuliza kwa nini huyu apewe za kuchezea. Ndivyo husuda ilivyo, humtilia mtu uchungu hata katika chakula chake.

Kazi ilichukua miezi saba. Mwezi wa tano, akiusugua mtutu, Sarhani aliona ufa mwembamba kama unywele, pale pale baruti inapokaa. Desturi ya mafundi ni kuufunga mtutu kwenye gogo na kuulipua kwa baruti maradufu. Ukipasuka, hasara ni ya fundi. Sarhani hakuujaribu. Aliufunika ufa kwa nakshi ya fedha, akajiambia huenda usipasuke. Na ukipasuka, basi ni kadari ya Allah.

Tusimcheke upesi. Wangapi kati yetu tumemsingizia Mola mabaya tuliyoyatamani wenyewe?

Siku ya kipimo cha mwisho Naufali alikuja na furaha kama ya mtoto siku ya Idi. Akaipandisha bunduki begani, akalaza shavu juu ya ubao. Sarhani akainama kutazama kama kitako kimekaa sawa. Akaona kwamba baina ya shavu la mwenzake na ule ufa hapakuzidi vidole vinne.

"Umeijaribu, ndugu yangu?" aliuliza Naufali, jicho moja kalifumba.

Ulimi wa Sarhani ulikuwa tayari kusema ndiyo, lakini akaweka mkono juu ya mtutu.

"Sikuijaribu. Ishushe. Ina ufa, na mimi nimeujua tangu miezi miwili iliyopita."

Naufali akaishusha taratibu. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuhusudu. Nilitamani neema ikuondoke, na wewe uondoke nayo."

Naufali akasema, "Nami nilidhani bei yako ni ghali, Sarhani. Kumbe kwa riyali mia tatu ulikuwa unaniuzia mauti yangu." Akatoka bila kuaga.

Sarhani aliufunga mtutu kwenye gogo, akaulipua, ukapasuka vipande. Akauza nyumbu wake, akanunua chuma kingine, akaanza upya. Miezi saba mingine, na katika kila sijda alimwombea Naufali kwa jina lake, azidishiwe. Mwanzoni dua hiyo ilikuwa chungu kama shubiri, akaiomba hivyo hivyo.

Alipomaliza, aliijaribu mara mbili kwa baruti maradufu, kisha akaibeba hadi mlangoni kwa Naufali. Naufali aliitazama, hakuigusa.

"Laza shavu lako kwanza," akasema.

Sarhani akaijaza baruti, akalaza shavu juu ya ubao uliopimwa kwa uso wa mtu mwingine, akaomba Naufali azidishiwe, aishi aifaidi, akafyatua. Mlio ukarudi milimani. Alipoinua kichwa, Naufali alikuwa amemnyooshea nusu ya fedha iliyobaki.

"Zirudishe, ndugu yangu," alisema Sarhani, machozi yakimtoka. "Nimeiomba ile dua sasa hivi, na haikuwa chungu."

Basi tumwombe Mola kwanza awazidishie wale ambao neema zao zinatuuma. Hao majina yao tunayajua, hatuna haja ya kuulizana.