Shahidi wa Mwezi Ambao Hakuuona

Wamesimulia wazee wa upande wa mashamba kule Pemba, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba zama ambazo miche ya karafuu ndiyo kwanza inashika ardhi, palikuwa na mkulima wa mpunga akiitwa Vuai bin Mkadamu. Alikuwa na mke mmoja, Mize binti Faki, na watoto wanne, na mkubwa wao alikuwa Raya. Hakuwa mwanachuoni wala tajiri. Alichojaaliwa kuwazidi wenziwe ni macho. Kila mwezi ulipoandama, watu wa kitongoji chake walikuwa wakipanda naye kilimani, na alipokuwa akinyoosha kidole, basi mwezi uko pale pale.

Ikatokea Ramadhani moja ya jua kali, nayo ikaangukia wakati wa mavuno. Watu walifunga huku wakikata mpunga, midomo imewapasuka. Jioni ya siku ya ishirini na tisa wakapanda kilimani karibu wote, na magharibi kumejaa mawingu. Wakangoja. Mara wingu likapasuka kidogo, kwa muda wa kupepesa jicho tu, Vuai akaona kitu cheupe, au akadhani amekiona, akainua mkono. Hata hajatamka neno, sauti nyuma yake zikapaa: "Vuai kauona! Allahu Akbar!" Wanawake wakapiga vigelegele. Wingu likafunga.

Sheikh Ngwali, imamu wao, akamsogelea. "Vuai, washuhudia?"

Pale palikuwa na nafasi ya kusema, "Sina yakini." Lakini alitazama nyuso zile zilivyokwisha kufurahi, akaona haya. Akasema, "Nashuhudia."

Sheikh akataka shahidi wa pili. Ubavuni mwa Vuai alisimama mzee Hija, ambaye macho yake yalikwisha kufifia na hakupenda lijulikane. Naye akasema, "Nami nimeuona." Basi kesho yake wakaswali Idi. Baada ya siku chache ikaja habari kwamba watu wa mji wa jirani na vijiji vyote vya kando yake walitimiza siku thelathini. Wapo waliotia shaka, lakini Sheikh Ngwali akawakata kauli: "Vuai hajapata kukosea."

Neno lile ndilo lililomwondolea raha. Tangu siku hiyo Vuai hakukaa akatulia. Alikuwa akianza mstari wa kulima akauacha nusu, akahamia mwingine. Alikuwa akinawa mikono kwa chakula, kisha akanyanyuka eti anakwenda kuangalia ndege shambani. Msikitini leo alisimama safu ya mbele, kesho karibu na mlango. Siku yake aliyokula aliilipa, akailipa tena, na tena, asiridhike. Mize akimwuliza, "Baba Raya, mbona wafunga kila wiki?" alijibu, "Mwili wanitaka nifunge." Na mwezi ulipotafutwa, alisema macho yanamwuma. Watu wakaihesabu hiyo ni tawadhui na unyenyekevu wake, wakazidi kumheshimu, na kila heshima ikamchoma.

Mwaka wa nne mzee Hija alishikwa na maradhi ya mauti. Vuai akaenda kumzuru asubuhi moja, akamkuta na mwanawe, Makungu. Hija akamshika mkono, akasema kwa taabu, "Ndugu yangu, siku ile mimi sikuona kitu. Nilifuata jicho lako. Uliuona kweli?"

Vuai akatazama chini. Kisha akasema, "Niliuona, mzee wangu. Tulia."

"Alhamdulillahi," akasema Hija, na kabla ya adhuhuri akafa.

Ndugu zangu, tazameni jinsi uongo wa kwanza unavyomwita wa pili. Wa kwanza ulimponyoka kwa haya, na huu aliusema kwa huruma. Lakini huruma ile haikumpa usingizi. Akazidi kuhangaika, akakonda, watoto wakawa wanamwogopa kwa ukimya wake.

Mwaka wa saba, mwezi wa Rajabu, alianguka bondeni kwenye mpunga, kifua kikimbana. Wakambeba mpaka nyumbani. Homa ikampanda mchana ule, akawa anagaagaa kitandani na kurudia neno moja: "Sikuuona. Sikuuona." Alipopata fahamu alimkuta Mize ameketi kando yake.

"Hukuona nini, baba Raya?"

Akamweleza yote. Mize akasema, "Raya ana posa, na mdogo wake yuko nyuma yake. Ukisema leo, nani atakuja tena kubisha hodi hapa?"

"Ndiyo maana nimenyamaza miaka saba."

Mize akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Aliporudi mara ya pili macho yake yalikuwa mekundu. "Ukifa nalo," akasema, "nitabaki nalo mimi, na mimi sina kifua cha kulibeba. Kaseme."

Ijumaa akachukuliwa kwa kitanda mpaka msikitini. Baada ya swala aliomba ainuliwe aketi. Akasema mbele ya watu wote kwamba ule mwezi hakuuona, kwamba aliwafunguza siku ya Ramadhani kwa haya ya nyuso zao, na kwamba alimdanganya mzee Hija akiwa katika kukata roho.

Msikiti ulinguruma. Makungu akainuka. "Baba yangu alikuuliza, nami nikisikia! Alikwambia hakuona, ukamfunga mdomo kwa uongo. Angetubia mbele yetu!"

"Kweli," akasema Vuai. "Sina la kujitetea. Niruhusu nimfungie siku yake."

"Baba ni wangu. Nitamfungia mimi." Makungu akatoka bila ya kumpa mkono.

Sheikh Ngwali akawatuliza. Akasema, "Ninyi mlifuata ushahidi, hamna dhambi. Na mimi niliyesema hajapata kukosea, nilisema nisilolijua. Alhamisi sote tulipe siku yetu."

Posa ya Raya ikarudishwa kabla ya Jumatatu, na ilipita miaka mitatu ndipo akaolewa.

Alhamisi ikafika, kitongoji kizima kimefunga, hakuna moshi jikoni ila kwa Mize. Alimpikia mgonjwa uji, akataka kuufunga mlango ili wapita njia wasione. Vuai akasema, "Uache wazi. Mimi ni mgonjwa, na siku yangu nimeshailipa. Nipe ninywe." Akanywa uji wake mbele ya waliofunga, wakipita na kumwona, naye akiwaitikia salamu. Mize alisema baadaye kwamba kwa miaka saba hakuwahi kumwona akimaliza bakuli. Kisha Vuai akajilaza upande wa kulia, akalala. Mize alipokwenda kumwamsha kwa alasiri, alikuta roho imekwisha kutoka.

Wakamwosha, wakamswalia, wakambeba kabla ya jua kutua, wote wakiwa na njaa na kiu. Kaburini akahitajika mtu wa kushuka kuipokea maiti. Watu wakatazamana. Makungu, ambaye siku hiyo alikuwa amefunga kwa niaba ya baba yake, akavua kanzu, akashuka, akanyoosha mikono. "Nipeni," akasema. "Mleteni taratibu."

Basi enyi waja wa Mungu, tusimwone Vuai kuwa mdogo kwa kusema uongo, wengi wetu tumesema mbaya zaidi tukalala. Tumwombee rehema kwa kuwa hakukubali kulala nao milele, na tujiulize ni neno gani tunalingojea maradhi ndipo tuliseme. Mola atujaalie ulimi unaokiri tungali na nguvu za kusimama wenyewe.