Pimbi na Mwenyekiti wa Vijana

— Mpo?
— Tupo!
— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
— Nimwage?
— Mwaga!
— Haya, namwaga. Na atakayesinzia nitamkanyaga kidole gumba, asije akasema sikumwambia. We Shelukindo, kunja hiyo miguu, unanizibia upepo.

Alikuwepo Pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mnyama mdogo wa kwenye majabali, mviringo kama andazi, mkia hana. Sasa huyu Pimbi wangu alikuwa binti, na alikuwa na haya ya kupitiliza. Akiona watu watatu wamesimama njiani, anazunguka njia nyingine. Akiulizwa jina, anaangalia chini mpaka aliyeuliza anasahau alichouliza. Alikuwa akiishi mlimani na Bi Kobe, aliyemlea tangu akiwa mchanga.

Siku moja Bi Kobe akateleza kwenye jabali. Biringi, biringi, biringi, puu! Mguu ukateguka. Na mwaka huo mlimani kulikuwa kumekauka, hata jani la kumpa mbuzi harufu halipo. Siku ya kwanza Bi Kobe akala mizizi mikavu. Siku ya pili akanywa maji. Siku ya tatu akasema, "Mwanangu, leo wala sina hamu ya kula." Pimbi akajua anaongopa, maana tumbo la bibi lilikuwa linanguruma tangu alfajiri.

Sasa Pimbi alikuwa amesikia kwamba kule bondeni, kando ya mto, kuna Chama cha Vijana wa Kujitolea. Kila Jumamosi asubuhi wanakutana, wanachimba viazi vya shamba la chama, wanawapelekea wagonjwa na wasiojiweza. Pimbi akasema moyoni, nikienda nitaulizwa jina. Nisipoenda, bibi yangu atakufa na njaa. Akalia kidogo, akajifuta, akateremka mlima.

Moyo unampiga du, du, du, mpaka mtoni.

Akawakuta wamekaa duara. Katikati, kwenye tope laini, amekaa mwenyekiti wao, Kiboko. Jamani, lile ni jitu! Akivuta pumzi, walio mbele wanasogea mbele. Akitoa pumzi, wanarudi nyuma. Ngozi ya shingo imekunjamana, masikio yameota mvi. Pimbi alilelewa vizuri, basi akapiga goti, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mzee."

Duara lote likamgeukia. Mmoja akakohoa.

"Shikamoo ya nini?" Kiboko akanguruma. "Mzee nani? Unaniona mimi mzee? Mimi kijana mwenzako! Hapa tunasalimiana mambo."

"Ma... mambo," akasema Pimbi.

"Poa! Kaa kule."

Pimbi akakaa kule, karibu na Digidigi. Masikio yanawaka moto kwa aibu. Kosa la kwanza, na hata mkutano haujaanza! Alitamani ardhi ipasuke aingie, lakini akakumbuka tumbo la bibi, akatulia.

Katibu wa chama alikuwa Kanga. Yeye alikuwa akiandika kwa ukucha kwenye tope, chwa, chwa, chwa. Kwa kuwa siku hiyo alikuwepo mgeni, ilibidi asome kanuni. Akapanua mbawa, akasoma.

"Kanuni ya kwanza. Mwanachama ni kijana, na kijana ni yule ambaye bado hajaitwa babu wala bibi. Kanuni ya pili. Kikao kikikaribia kwisha, lililoandikwa litasomwa, na mwenyekiti atalipiga mguu. Likishapigwa mguu halifutwi, hata wakilalamika wote."

"Hiyo ya pili niliitunga mimi," akasema Kiboko, akijipigapiga kifua.

Mara majini, chubwi! Kikaibuka kichwa cha kiboko mdogo. "Babu! Babu! Leo utatuletea viazi?"

Kiboko akakohoa kwa nguvu. "Anamwita babu mwingine," akasema. "Endelea, katibu."

Wote wakaangalia pembeni. Pimbi peke yake aliangalia majini, akaona vichwa vingine viwili vinacheka.

Wakamsimamisha mgeni. Jina? Pimbi. Unatoka wapi? Mlimani. Unajua kazi gani? Hapo Pimbi akakwama. "Najua... najua kukaa na wazee," akasema. Wakampigia makofi matatu, pa, pa, pa! Akakaa, jasho linamtoka. Hata hivyo ilikuwa nafuu kuliko alivyoogopa.

Wakaingia shambani, wakachimba. Pimbi naye akachimba, chimbu, chimbu, mpaka kapu likajaa viazi vitamu vyekundu. Akasema moyoni, hivi vyote vikipanda mlimani, bibi atapona. Ndipo Digidigi akamnong'oneza, "Usifurahi mapema, dada. Subiri uone anavyogawa."

"Kwani anagawaje?"

"Hivi. Fungu hili la mwenyekiti, kwa sababu ndiye mwenyekiti. Fungu hili la mwenyekiti, kwa sababu amefungua kikao. Fungu hili la mwenyekiti, kwa sababu atafunga kikao. Fungu hili la mwenyekiti, kwa sababu amekaa katikati. Na hiki hapa, kilichotobolewa na wadudu, cha mgonjwa."

"Na nyinyi mnasema nini?"

"Tunasema tunaunga mkono. Ngoja uone mdomo wake ukifunguka, na wewe utaunga mkono."

Pimbi akalitazama kapu. Kiazi kimoja chenye wadudu, kwa mgonjwa wa siku tatu! Akataka kuondoka. Akataka kulia. Halafu akaanza kuwaza. Huyu bwana kwa nini shikamoo imemchoma vile? Nikimkabili, atanimeza. Nikimbembeleza, atanicheka. Lakini nikimwongezea fungu?

Wakarudi kwenye duara. Kiboko akauliza kama ilivyo ada, "Mengineyo? Nani ana la kusema?" Hakuna aliyekuwa na la kusema, hawajawahi kuwa nalo.

Kimkono kidogo kikainuka kule nyuma.

"Mgeni! Sema upesi, nina njaa."

Pimbi akasimama. "Mwenyekiti, mimi mgeni, naomba kueleweshwa tu. Kule kwetu mlimani, wakati wa kugawa, mwenye mjukuu anaongezewa fungu. Mjukuu mmoja, fungu moja. Wajukuu wawili, mafungu mawili. Sasa nauliza, huku bondeni mnafanyaje?"

Masikio ya Kiboko yakasimama.

"Fungu kwa kila mjukuu?"

"Kwa kila mjukuu, Mwenyekiti. Ila lazima iandikwe, isije ikaleta ubishi."

"Na mapacha?"

"Mapacha ni wawili, Mwenyekiti."

Oo, jamani, tamaa! Mate yalimjaa Kiboko mpaka yakamwagikia tope. "Huo ni utaratibu mzuri sana," akasema. "Hata huku upo, tulikuwa tumeusahau. Katibu, andika! Mimi nina wajukuu sita."

Chwa, chwa, chwa.

"Ngoja! Saba. Kuna yule wa binti yangu mdogo."

Chwa, chwa, chwa.

"Tisa! Mapacha, mapacha, nilitaka kuwasahau mapacha! Haya, soma."

Kanga akasoma, sauti inamtetemeka, "Mwenyekiti amesema yeye ni babu wa wajukuu tisa."

"Sawasawa kabisa!" Kiboko akainua mguu, akaushusha juu ya maandishi. Puuu! Tope likaruka mpaka kwa Digidigi. "Limepigwa mguu! Leteni kapu."

"Mwenyekiti," akasema Pimbi, "mgeni hana kumbukumbu. Naomba dada Kanga anisomee tena ile kanuni ya kwanza."

Kanga akamtazama Pimbi. Kanga akalitazama tope. Halafu kule ndani ya koo lake kikaanza kicheko, ke, ke, kekeke, akakimeza. "Mwanachama ni kijana," akasoma, "na kijana ni yule ambaye bado hajaitwa babu wala bibi."

Hata mto ulikuwa kama umesimama.

"Futa!" akafoka Kiboko.

"Lililopigwa mguu halifutwi, hata wakilalamika wote," akasema Kanga.

Kiboko akainuka. Akafungua mdomo, na ule mdomo ukafunguka, ukafunguka, meno haya hapa, koo lile kule. Duara likarudi nyuma. Digidigi alishageuka akimbie. Pimbi alikuwa karibu kuliko wote, na miguu iligoma kutoka. Basi akafanya jambo pekee alilofundishwa na bibi yake kufanya mbele ya mtu mkubwa. Akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

Mnajua ninyi shikamoo ilivyo. Mtu mzima akishaamkiwa hawezi kunyamaza, atasemwa mpaka kijiji cha tatu. Kiboko mdomo wazi, akajaribu kunyamaza. Akashindwa. Ili aitikie, ikabidi afunge mdomo kwanza.

"Marahaba," akasema.

Kanga akapiga goti. "Shikamoo, babu." "Marahaba." Digidigi akarudi mbio, akapiga goti. "Shikamoo, babu." "Marahaba." Duara zima, mmoja baada ya mwingine, shikamoo babu, marahaba, shikamoo babu, marahaba. Hata wale wadogo wa majini wakaibuka, "Shikamoo, babu!" Akawaitikia na wao, wote tisa. Ilipofika marahaba ya ishirini na ngapi sijui, hasira ilikuwa imemwisha, amebaki kuhema tu.

Lakini tamaa, watoto wangu, tamaa haikumwisha. "Haya, mimi mzee," akasema. "Si mnahudumia wazee? Basi mnihudumie! Kapu hilo leteni hapa."

Pimbi akawa tayari. "Tutakuhudumia, babu, tena kwa moyo wote. Lakini wazee tunawahudumia nyumbani kwao. Nenda kapumzike, usijichoshe na jua. Jumamosi ijayo tunakuja sote. Leo zamu ni ya Bi Kobe, mgonjwa wetu kule mlimani."

"Tunaunga mkono!" wakapaza sauti wote, na safari hii hakuna mdomo uliofunguliwa kuwatisha.

Kapu likapanda mlima, viazi vyote, bila kupungua hata kimoja. Wakawasha, wakachemsha, vikalainika. Bi Kobe akala cha kwanza hasemi kitu. Akala cha pili, akafumba macho. Alipofika cha tatu akashusha pumzi, akasema, "Ah! Sasa naona watu." Pimbi naye akashusha pumzi ambayo alikuwa ameibana tangu asubuhi, mabega yakamteremka, akakaa chini akacheka peke yake.

"Mkutano ulikuwaje?" akauliza Bi Kobe. "Walikuuliza jina?"

"Waliniuliza, bibi. Nikawaambia."

"Mbona hukufa?"

"Hata mimi nimeshangaa, bibi."

Jumamosi iliyofuata vijana walitimiza ahadi. Walikwenda nyumbani kwa Babu Kiboko wakiimba, mafagio mabegani, mafyekeo mikononi. Alikuwa amelala majini anangoja kapu, tumbo tupu kwa makusudi, apate nafasi. Akawasikia wanafanya kazi, fyeka, fyeka, fyeka! Faga, faga, faga! Akatabasamu, akasema moyoni, wananiandalia karamu. Mchana wakamwita.

"Babu, tumemaliza! Tumekusafishia uwanja, nyoka hasogei tena!"

Kiboko akatoka majini. Akatazama kulia, vumbi jeupe. Akatazama kushoto, vumbi jeupe. Nyasi zote za kando ya mto, zile ndefu, laini, anazokula kila siku tangu alipoota meno, zimefyekwa, zimefagiwa, zimetupwa. Hakuna hata unyasi mmoja wa kuchokonolea jino.

Na vijana wamesimama mstari, jasho linawatoka, wanamtazama wakingoja neno. Ni mzee, amehudumiwa, atasema nini?

"Asanteni, wajukuu zangu," akasema Kiboko.

Sasa funzo. Tulieni, funzo ndilo kubwa. Siku ya kwanza mkutanoni, kaa nyuma kabisa, fumba mdomo, usiulize swali hata kwa bahati mbaya. Mwache mwenyekiti agawe anavyotaka, maana wakubwa wanajua kuhesabu. Na hizo shikamoo zenu muwe mnazibania, msizitoe hovyo kwa wazee wa watu, zinaumiza. Mnacheka nini? Mimi nasema kweli tupu.

— Hadithi yangu imekwenda kwao.
— Imefika?
— Imefika, imepokewa, imekalishwa.
— Nasi twende kwetu!
— Nendeni, nami nipumzishe taya.