Nailoni Kwenye Kiti

Wapendwa, kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mgane, aliyenunua gari la umeme. Mji mzima lilikuwa moja tu, na yeye nyumbani alikuwa mmoja tu. Jioni alilichomeka kwenye umeme, akakaa barazani na chai yake, gari kimya na mwenyewe kimya.

Alitamani apatikane hata mtu mmoja wa kununua kama lile, wapate la kuongea. Basi akawa kila anapokaa ni habari ya gari. Kwa kinyozi, msibani, hapo nje baada ya ibada. "Halina moshi, halina kelele. Ukiwa ndani unasikia moyo wako." Watu walimsikiliza kwa adabu, wakaaga. Mwaka wa pili ukaingia, wengine wakimwona kwa mbali wanavuka barabara. Mnadhani hakuwa anaona? Alikuwa anaona, na ilimuuma.

Asubuhi moja ya manyunyu akamkuta jirani yake, mama mwenye duka la vitambaa, anapanda kilima kwa miguu. Mwalimu akasimama, akashusha kioo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nasikia umeuza lile gari lako. Sasa safari hii chukua la umeme, mama. Kilima hiki linapanda bila hata kukoroma."

Akaeleza betri, akaeleza breki, mpaka maji yakaanza kumchuruzika mama kutoka kwenye kilemba.

"Mwalimu," mama akasema taratibu, "mwaka wa pili sasa unanieleza huo utulivu. Mbona hujawahi kuniambia nipande?"

Mwalimu akageuka kukitazama kiti cha pembeni. Kilikuwa bado na nailoni ya kiwandani. Aliiacha kisichafuke, na hakuna aliyewahi kukikalia. Alipoinua macho, pikapu ya muuza mkaa ilikuwa imesimama mbele yake, inafuka moshi, mlango wazi, na mama anapanda.

Tusimcheke, ndugu zangu. Ni wangapi tumewaeleza uzuri wa nyumba hii ya ibada, na wakija hatusogei kwenye benchi? Tunasema watu wagumu, hawaitiki. Wataitika nini, ikiwa wanayasikia yote haya wamesimama mvuani?

Leo ukitoka hapa usimweleze mtu kitu. Chana nailoni kwanza, kisha umwambie apande.