Mbeba Udongo wa Nyalulembe

"Aliyemfukuza mbeba udongo alipanda kuni."

Methali hiyo mmeisikia leo asubuhi kitaluni. Mzee Mligo alimwambia yule msimamizi aliyemtimua mama mmwagiliaji, nanyi mkacheka bila kujua mnacheka nini. Haya, sogezeni magunzi motoni mkae. Aliyeisema mara ya kwanza hakuwa anacheka. Ilivyoanza ni hivi.

Katika kijiji cha Nyalulembe, huku nyanda za juu ambako baridi ya Julai huacha sakitu, ule umande ulioganda, juu ya nyasi, aliishi mama mmoja aitwaye Lustika Mgaya. Alikuwa mjane, binti zake wote wameolewa mbali, lakini jiko lake halikupoa. Viazi vilikuwa sufuriani, togwa kwenye kibuyu, na wanawake watano sita juu ya vigoda, wakichambua maharage na majirani kwa pamoja. Nani kanuniana na mkwewe, nani kaonekana kwenye njia isiyo yake, yote yalianzia kwa Lustika au yaliishia hapo. Nyumba ikijaa, alilala vizuri. Ikikosa watu siku moja, alijihisi mgonjwa.

Nyumba ya tatu kuelekea mtoni aliishi bibi Sekalinga. Mumewe alikuwa mlinzi wa msitu wa misindano, ile misonobari ya majani kama sindano, ng'ambo ya bonde, msitu mkongwe uliopandwa enzi za wakoloni, na alipokufa alimwachia mkewe kazi moja isiyo na jina. Kijiji wakati huo kilikuwa na kitalu kimoja, kila kaya na tuta lake, wakiandaa miche ya kupanda kwenye mlima wao uliobaki uchi. Msindano ni mti wa subira. Anayeupanda anampandia mjukuu paa.

Basi kila mwezi wa nane, jua likiwa halijapanda, Sekalinga alivuka bonde, akachimba udongo mweusi chini ya misindano ile mikongwe, akaufunika kwa majani mabichi, akaubeba kichwani mpaka kitaluni. Kila tuta aliligawia sehemu yake, akauchanganya na ule wa kwenye viriba, vile vifuko vya miche. Kazi hiyo ilikuwa na mwiko wake: akiwa na kikapu kichwani hakutua, hakusimama, wala hakusalimia mtu. Udongo ule ukichelewa ukapigwa na jua, hufa.

Nanyi mnajua huku kwetu kumpita mtu bila salamu ya "kamwene" ni tusi. Wengi walikwisha kumzoea. Kwa Lustika ulikuwa mwiba. Alikuwa akiita kutoka mlangoni, "Kamwene, bibi," naye Sekalinga anapita kama ukuta unaotembea.

Na ubaya ni kwamba Lustika alijua sababu. Msimu mmoja wa mvua walikwenda wote wawili kuchuma uyoga kwenye msitu ule, uyoga wa msindano, wenye kofia ya kahawia inayoteleza kama sabuni. Sekalinga alichimba kidogo kwa kidole chini ya uyoga mmoja, akamwonyesha nyuzi nyeupe, nyembamba, zimeshikana na mizizi ya mti.

"Huu unaouchuma ni uso tu," alimwambia. "Mwili wake ndio huu. Umeoana na mti. Uyoga unaupelekea mti maji kutoka mbali, mti unaulisha uyoga. Ukiutenga mmoja, mwingine unadhoofu."

"Ndoa nzuri hiyo," Lustika akasema. "Mume wangu alikuwa analishwa, lakini maji hachoti."

Bibi Sekalinga, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwekea Lustika nyuzi zile kiganjani. "Mche usioonja udongo huu hauinuki. Ndicho ninachokibeba. Sasa wajua kwa nini sisimami."

Lustika alijua. Lakini kujua na kusamehe ni vitu viwili.

Mwaka ule wa msiba, mwezi wa nane ulianza kwa baridi kali, na mtoto wa jirani yao Felista, kadogo ka miaka miwili, kakashikwa na homa. Siku ya tatu kakafa. Wanawake walirudi kutoka kuzika wakajaa jikoni kwa Lustika, wameinamisha vichwa, moto unatoa moshi. Kesho yake asubuhi walikuwa bado wapo, na Sekalinga akapita barabarani na kikapu chake. Hakugeuza shingo.

"Hata leo," mmoja akasema. "Nyumba ina msiba, na hasalimii."

Lustika alikuwa anageuza viazi. Alitaka kusema neno ambalo lingewafanya watu wainue vichwa, kama alivyozoea. Akasema, "Na huo udongo wake, mtu hajui kama ni wa msituni au wa wapi."

Ni hilo tu. Wala hakulisema kwa sauti kubwa. Lakini neno lilitoka jikoni likiwa linatambaa, na adhuhuri lilirudi likiwa linakimbia. Felista mwenyewe ndiye aliyelileta, macho yamevimba.

"Mama Lustika, wanasema bibi anachota kaburini. Wanasema kaburi la mwanangu limefukuliwa. Ni kweli?"

Lustika alimtazama yule mama, akatazama vigoda vilivyojaa. "Mimi sijaliona kaburi tangu jana," akasema. Halikuwa jibu, na alijua si jibu.

Jioni walikutana kitaluni. Mwenyekiti Ngimbudzi alimsimamisha Sekalinga mbele ya watu, kikapu cha siku hiyo miguuni pake, bado kimefunikwa majani, hajamaliza kugawa.

"Bibi, tunakuuliza kwa heshima. Udongo huu ni wa wapi?"

"Wa misindano ya mume wangu. Mnaujua. Mababa zenu wanaujua."

"Mbona unapita alfajiri? Mbona husemi na watu?"

"Nikisema na kila mtu nitafika na vumbi." Aliinama, akachukua bonge, akalivunja katikati ili waone. "Tazameni wenyewe."

Zile nyuzi nyeupe zikaning'inia hewani. Akina mama wakarudi nyuma wakikanyagana.

"Nywele," mtu akasema. "Ni nywele za maiti."

"Ni uyoga," Sekalinga akasema. Alitafuta uso mmoja katikati ya nyuso zile mpaka akaupata. "Mwulizeni Lustika. Tulikuwa naye. Alizishika kwa mkono wake. Lustika, mwanangu, waambie."

Watu wote wakageuka. Lustika alisimama pale, amezungukwa na wanawake waliokula viazi vyake miaka yote ile. Akisema kweli, watamuuliza: sasa lile neno lilitoka kwa nani? Felista alikuwa amesimama pembeni yake, amemshika mkono. Mkono ulikuwa wa moto.

"Tulichuma uyoga," Lustika akasema. "Mambo ya udongo mimi siyajui."

Bibi Sekalinga alipangusa viganja vyake kwenye kanga, kama mtu aliyemaliza kazi.

Udongo wakaumwaga barabarani. Vijana wakaenda kuezua nyumba yake, wakamwambia avuke mto na asirudi. Aliondoka kitaluni na kikapu kitupu na shuka moja. Alipofika mlangoni kwa Lustika alisimama, maana safari hiyo hakuwa amebeba kitu cha kuharakisha.

"Kamwene, Lustika," akasema.

Lustika alikuwa ndani, nyuma ya mlango. Hakuitikia.

Usiku ule sakitu ilianguka nene kuliko mwaka wowote.

Mwezi wa kumi miche ilianza kugeuka njano. Walimwagilia mara mbili kwa siku, wakaweka samadi, mwenyekiti akamlaumu muuza mbegu. Lustika alipita kwenye tuta lake akiitazama miche iliyodumaa kama watoto waliokataa kunyonya, na alikuwa mtu pekee kitaluni aliyejua inakosa nini. Akanyamaza tena. Desemba waliipanda hivyohivyo, mlima mzima.

Mvua zilipokolea, wanawake walikwenda msitu wa zamani kuchuma uyoga. Walimkuta Sekalinga kwenye banda bovu la mlinzi, amelala kwa ubavu, amejikunyata, amekwisha kufa siku nyingi. Walimzika palepale chini ya misindano. Siku hiyo hakuna aliyechuma. Lustika alishika jembe kama wenzake, na kila alipopiga ardhi, nyuzi nyeupe zilitoka.

Mwaka wa tatu miche ilikuwa bado inafika magotini. Mbuzi waliiruka. Mingine ilikauka ikasimama na rangi ya kutu, na wenye haraka wakaanza kuing'oa kupikia. Akaja bwana misitu mgeni, kijana mpole mwenye buti jipya. Alisimama chini ya mlima na wanakijiji nyuma yake, akauliza, "Samahani wazee wangu, hapa mlipanda nini?"

Mwenyekiti alikohoa.

"Kuni, mwanangu," Lustika akasema. "Tulimfukuza mbeba udongo, tukapanda kuni."

Yule kijana alitabasamu akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna mwingine anayetabasamu, akafuta tabasamu lake. Na pale pale, mchana, mbele ya watu wote, Lustika akasema yote: jiko, viazi, neno lake, nyuzi kiganjani, mlango. Felista alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatema mate chini akaenda zake.

Tangu siku hiyo vigoda jikoni kwa Lustika vilikaa vitupu. Alipika viazi vya mtu mmoja. Mwezi wa nane ulipofika alivuka bonde peke yake, akachimba, akafunika kwa majani mabichi, akapita barabarani na kikapu kichwani. Mwanamke yule aliyeita kila mpita njia akapita kila mlango kimya, hasimami, hatui. Na nyumbani mwa watu alisikia wakimsema, kwa sauti ileile aliyowafundisha.

Udongo ukishafika kitaluni, alirudi na kikapu kitupu, akasalimia mlango kwa mlango. Baadhi waliitikia, wengine walijifanya hawapo. Felista mpaka anakufa hakuitikia hata mara moja. Baada ya salamu hizo Lustika alishuka mpaka nyumba ya tatu kuelekea mtoni, ambayo haikuwa tena na paa wala mlango, akasimama mbele ya kuta zilizobomoka.

"Kamwene, bibi," alisema, akasubiri kidogo kama mtu anayesubiri kuitikiwa, ndipo akaenda nyumbani.

Msitu mnaouona kule chini umetokana na vikapu vyake. Ule mlima wa juu wenye vichaka na visiki vya kutu ndio ule walioupanda mwaka wa msiba, na mpaka leo tukitaka kuni za kuwashia moto tunakwea huko. Hata haya magunzi yalishika moto kwa kijiti cha huko.

Aliyemfukuza mbeba udongo alipanda kuni.