Mbegu ya Juu ya Bi Mwatime

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeshalala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani sana, bibi yangu hajaota hata jino, kilikuwako kijiji cha nyumba kumi. Akafika mwanamke, jina lake Mishi, mtoto mgongoni. Mafuriko yalikuwa yamemchukulia shamba na mume. Akaomba kukaa.

Desturi ya pale ilikuwa hivi. Kila mwaka mbegu za maboga hugawanywa sawasawa kwenye vikapu. Ikibaki yoyote, ni ya mgeni, na aliyepata mbegu hupewa shamba. Asiyepata huondoka kabla ya mvua.

Jumbe Kombo hakutaka wageni. Na idadi ya vikapu aliamua yeye, mradi visizidi kumi. Akamwita Bi Mwatime, bibi aliyehesabu mbegu za kijiji miaka yote.

"Ngapi mwaka huu, Bi Mwatime?"

"Elfu mbili mia tano ishirini na moja, Jumbe."

"Loo! Nyingi hivyo hazikosi kugawanyika. Leteni vikapu viwili!"

Wakahesabu kutwa nzima. Ta! ta! ta! Ikabaki moja.

"Haihesabiki hiyo. Kesho vitatu!"

Ta! ta! ta! Ikabaki moja.

Vinne, moja. Vitano, moja. Jumbe akaanza kukuna kichwa. Sita, saba, nane. Ta! ta! ta! Moja, moja, moja! Vidole vikawauma watu. Kila jioni Mishi anakuja na mwanawe kutazama. Mawingu nayo yanakusanyika. Tisa, moja. Kumi, moja!

"Umeziroga, bibi wewe!"

"Sijaroga kitu, baba. Hesabu tena ukipenda."

Jumbe akavitazama vikapu. Kisha akacheka.

"Kikapu kimoja! Tieni zote humo. Itabaki nini?"

Mishi akakaa chini na mwanawe.

"Haibaki hata moja," akasema Bi Mwatime taratibu. "Kweli kabisa. Haya, kikapu hicho ni cha nyumba gani?"

Watu wa nyumba kumi wakatazamana.

"Chetu," akasema mmoja.

"Chenu kwa lipi?" akadakia mwingine.

Wee! Kelele zikapanda, watu wakashikana kanzu. Jumbe akainua mikono.

"Basi, basi! Rudini kwenye vikapu kumi. Mpeni mama huyu mbegu yake."

Baadaye Mishi akamwuliza bibi siri yake.

"Mbegu zilikuwa elfu mbili mia tano na ishirini. Hizo, weka vikapu viwili, weka saba, weka kumi, zinaisha zote. Nilipoona hivyo nikakuogopea, mwanangu. Nikatia moja ya kwangu."

Mishi akamkumbatia akalia.

Toka mwaka ule, kijiji kile hutenga mbegu moja kabla ya kugawana, na huiita ya Bi Mwatime. Nanyi wenzangu, mkigawana chochote, kabla hamjasema mmemaliza, tazameni nani amesimama bila kikapu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayebisha, akahesabu.