Madoa Matatu Kwenye Mrija wa Nyongo

Wapendwa, alikuwepo mpiga picha mmoja wa hospitali, yule wa mashine ya altrasaundi, ambaye madaktari walilitegemea sana jicho lake. Akiandika "mawe", hakuna aliyeuliza mara mbili. Na sifa hizo zilimlevya, tusifichane.

Siku moja akaingia mama wa makamo, tumbo limembana upande wa ini. Mpiga picha akampaka ile dawa ya ubaridi, akatembeza kifaa, na ndani ya mrija wa nyongo akaona madoa matatu meupe. Mama akamweleza kwa adabu kwamba mawe alishatolewa mwaka juzi, kwa mpira ulioingizwa mdomoni.

"Basi yamerudi, mama."

"Kule walinigeuza ubavu kwanza, mwanangu. Nigeuke?"

"Usijisumbue. Nimeshaona."

Kumgeuza kungechukua dakika mbili. Jiwe hulala chini, hewa hupanda juu. Hilo alilijua tangu chuoni. Alijua pia kwamba mrija ukishafunguliwa kwa mpira kama ule wa mama, hewa ya utumbo huweza kuingia humo na kung'aa kama mawe. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na huyu si alikuwa mtu wa mawe tangu zamani?

Mama akapasuliwa. Kidonda kikatunga usaha ndani, na siku ya sita akafa. Daktari akamfuata mpiga picha, wala hakupaza sauti.

"Sikukuta hata punje," alisema. "Ilikuwa hewa."

Tangu hapo anamgeuza kila mgonjwa, ubavu huu, ubavu ule, hata aliyekuja kupimwa mimba. Inamsaidia nini yule mama? Anageuza watu na kulia, na aliyekufa harudi.

Mnamlaumu? Ngojeni kwanza. Sisi tulikuwa na ndugu yetu wa kwaya, aliyeacha pombe mbele ya madhabahu hii. Mwezi uliopita mkamwona anayumba njiani, mkaniambia imerudi. Tukamtoa kwenye kwaya. Alikuja kwangu, akasema, "Mchungaji, ninuse mdomo tu." Nikamjibu kwamba nimeshaona.

Ilikuwa kisukari, wapendwa. Dakika moja ya kumsogelea ingetosha, na kati yetu sote hakuna aliyekuwa nayo. Tulimzika Alhamisi, na kwaya iliimba vizuri sana.